Mbona Ananichekea?

"Dada, wewe umekaa na hawa watu kuliko sisi. Hebu nisomee hii."

Jumapili jioni, chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Edison, New Jersey. Mashine zinanguruma, mimi nakunja mashuka, na jirani yangu ananinyooshea simu huku jicho lake moja liko mlangoni. Ulikuwa ujumbe wa mwanamke anayefanya naye kazi. Anamshukuru kwa kumsaidia ripoti iliyowakalisha ofisini Ijumaa hadi usiku, anasema hajui angefanya nini bila yeye, na mwisho kaweka moyo mwekundu.

"Huo moyo una maana gani?"

"Asante," nikamwambia. "Anasema asante."

Akaitazama simu tena. Hakuniamini.

Tena hakutaka kuniamini, hilo ndilo lililonitisha.

Yaliyofuata yamenikaa kichwani wiki nyingi, na nimeona niyatoe. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili wahusika wasijulikane. Mke wake nilimwomba ruhusa. "Andika," akaniambia, "kwani Hyderabad nani anasoma Kiswahili?"

## Anna na Vadina

Jirani huyu namwita Anna. Msidhani ni jina la kike. Kwa Kitelugu, lugha ya kwao Hyderabad, India, ni kaka mkubwa, na mke wa kaka ni vadina. Basi nina kaka na wifi ghorofa ya juu yangu, na mtoto wao wa miaka sita anayekimbia sebuleni saa tano usiku.

Anna ni mhandisi wa programu. Alisomea uhandisi kwao, akaongezea kozi kule Ameerpet, mtaa wa Hyderabad wenye vyuo vya kompyuta vilivyobanana hadi mabango yao yanazibana. Kabla ya mahojiano ya viza alikwenda hekalu la Chilkur, ambalo watu wenyewe wanaliita la Balaji wa Viza, Balaji akiwa mungu anayeombwa hapo. Unaomba, unalizunguka mara 11. Ukipata ulichoomba, unarudi kulizunguka mara 108. Alipata H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, akarudi, akazunguka zote.

Mke alipatikana kwa njia ile ile wanayopatiana wengi. Wasifu ulipita kwa mjomba, nyota zikalinganishwa kwa zile alama 36 za wanajimu wao, familia ikaenda kumwona binti kwao Warangal. Wazee waliwaachia chumba robo saa hivi. Anna alimuuliza kama yuko tayari kuishi Marekani. Akasema ndiyo. Yeye hakuuliza kitu.

Sisemi hivyo kwa dharau. Mimi mwenyewe barua yangu ya posa ilibebwa na mshenga, na watu waliomjua mume wangu vizuri siku ile walikuwa shangazi zake wawili. Kwa hiyo mtu akianza kuniambia ndoa za Wahindi hazina mapenzi kwa sababu zinapangwa, huwa namwacha amalize chai yake, kisha nabadilisha mazungumzo.

## Ushahidi

Baada ya siku ile ya mashuka Anna akawa ananiletea ushahidi.

Yule mwanamke alimletea kahawa bila sukari, wala hakuwahi kumwambia kuwa hatumii sukari. Kila Jumatatu anamuuliza mwisho wa wiki ulikuwaje, halafu anasubiri jibu. Alisifu shati lake. Akicheka, humgusa bega. Siku moja alimwambia, "Lazima siku moja tutoke tukale chakula cha Kihindi, wewe ndiye utakayenifundisha."

"Siku gani?" nikamuuliza.

"Hakutaja."

"Basi."

Nimeishi Marekani muda wa kutosha kujua kwamba chakula cha mchana kisicho na tarehe ni salamu. Mwanamke asiyenijua amewahi kunisimamisha dukani kuniambia kitenge changu kimemfurahisha mno, akanishika mkono, akanitazama machoni, akaondoka zake, na sijamwona tena hadi leo. Ukarimu wa hapa unamwagwa ulipo, haudai kitu na hauahidi kitu. Wageni wengi hutumia miaka kulielewa hilo, na wengine wanalichukia kabisa, wanasema ni unafiki. Mimi siuoni unafiki. Alikipenda kitenge kweli, na hakuwa na haja na mimi. Yote mawili.

Lakini fikiria Anna alikotoka. Darasani wasichana safu zao, wavulana zao. Hosteli ya wasichana geti linafungwa mapema na mlinzi ana daftari. Mwanamke ambaye si ndugu yake akimgusa bega, hilo si jambo la bahati mbaya. Akimuuliza habari zake na kusubiri jibu, pana kitu. Kwa miaka zaidi ya 20 alifundishwa kuusoma ulimwengu hivyo, na alikuwa akiusoma sawasawa. Kisha akapanda ndege.

Mpaka hapo nilidhani nimeelewa kisa chote.

## Kidole kitupu

Mtu aliyenivuruga ni mume wangu. Nilikuwa namsimulia, naye bila kuinua macho kwenye mpira wake akauliza, "Huyo mama wa ofisini anajua jamaa ana mke?"

Nikanyamaza.

Vadina ukimwona tu unajua ameolewa. Ana mangalsutra shingoni, ule mkufu wa ndoa, na pete za fedha kwenye vidole vya miguu. Ndoa yote imeandikwa kwenye mwili wake. Anna hana alama hata moja. Wanaume wengi wa kwao hawavai pete ya ndoa, na mtaani kwao hakuna anayehitaji kuiona, maana kila mtu anajua nani kaoa nani, kwa mahari gani, na chakula kilitosha au hakikutosha.

Mmarekani anaangalia kidole. Kikiwa kitupu, anasubiri kusikia. Mume wa hapa humtaja mkewe katika kila sentensi ya pili. Mke wangu anapenda hiki, mke wangu kanikataza kile, picha yake iko mezani kando ya kompyuta. Hiyo ni namna ya kufunga mlango kwa adabu. Anna miaka yote hiyo hakuwahi kumtaja Vadina kazini, kwa sababu kwao mwanamume mwenye heshima hamwaniki mkewe mbele ya wanaume wengine. Hilo nalijua hata mimi. Kwetu Tanga mstaarabu hakuulizi mkeo hajambo. Anauliza, "Nyumbani hawajambo?"

Kwa hiyo mwanamke yule aliona mtu mpole, mchapakazi, hana pete, hamtaji mtu. Sijui alichowaza, na sitajifanya najua. Huenda kahawa ilikuwa kahawa tu. Lakini lile cheko langu la chumba cha kufulia, la kumwona Anna mshamba asiyejua watu, lilipungua sana usiku huo.

## Hereni

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikafika. Anna akapanda gari hadi Oak Tree Road, ile barabara yetu ya sari na dhahabu, akanunua hereni za fedha zenye lulu ndogo. Akazitia pamoja na boksi la kaju katli, zile peremende za korosho, akamkabidhi yule mwanamke kwenye maegesho baada ya kazi. Peremende aliwagawia ofisi nzima. Hereni zilikuwa boksi moja tu.

Kesho yake alizikuta mezani kwake na kikaratasi cha maneno mazuri sana. Amefurahi mno, ni nzuri mno, lakini hawezi kuzipokea. Kuanzia wiki hiyo kahawa ikakoma. Barua pepe zake zote zikawa na nakala kwa mkuu wa kitengo. Kisha idara ya utumishi ikamwita Anna, wakamuuliza kwa upole kama yuko sawa, na mtu mmoja alikuwa akiandika.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na kwa haki. Mwenye H-1B akifukuzwa kazi ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine, la sivyo afungashe. Hafungashi peke yake. Mke yuko kwenye viza inayoning'inia kwenye ya mumewe, mtoto yuko shule. Kadi ya ukaazi wa kudumu ndiyo usiseme. Sheria inazuia wazaliwa wa nchi moja kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya kadi hizo kwa mwaka, na kwa wingi wa Wahindi foleni yao inahesabiwa kwa miongo.

Hawakumfukuza. Walimhamishia mradi mwingine.

Alikuja kunieleza akiwa ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amekasirika kuliko alivyokuwa na aibu, jambo ambalo sikulipenda. "Kama hakuwa na nia, kwa nini alikuwa ananichekea vile?"

## Si Uhindi

Nilipolisimulia kazini kwangu bila kutaja mtu, mwenzangu mmoja, Mmarekani wa hapa hapa, alitikisa kichwa akasema ndivyo walivyo hao, utamaduni wao. Nilitaka kukubali. Ilikuwa rahisi, na ingenipa kichwa cha makala.

Lakini kuna jaribio nililosoma zamani, la mtafiti wa saikolojia Antonia Abbey, lililochapishwa mwaka 1982. Aliwakutanisha wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, mvulana na msichana wasiojuana, wakazungumza dakika tano. Mvulana mwingine na msichana mwingine walikuwa wakiwatazama kwa kificho. Baadaye wote waliulizwa wameonaje. Wavulana, yule aliyezungumza na yule aliyetazama, waliona uchumba katika mwenendo wa msichana kuliko wasichana walivyouona. Urafiki wa kawaida ulisomwa kama mwaliko.

Hao walikuwa Wamarekani kwa Wamarekani. Hapakuwa na viza wala bahari katikati.

Basi utamaduni unaeleza bega, kahawa na kidole kitupu. Haunielezi kwa nini Anna hakutaka kuniamini. Kulikuwa na wahandisi wengine wa Kihindi kwenye kitengo kile, wote walichekewa na mwanamke yule, wote walisifiwa mashati. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kununua lulu.

## Jikoni kwa Vadina

Vadina alijua. Alikuta risiti kwenye koti alipokuwa analiandaa kupeleka dobi.

Aliniita juu siku ya kazi, mtoto akiwa shule. Alikuwa ameloweka ukwaju, anaukamua kwa vidole kwenye bakuli, kokwa anazitupa upande mmoja bila kuangalia. Nilijiandaa kwa machozi. Nikajiandaa na maneno ya kumtetea Anna kidogo, si sana.

"Lulu ndogo," akasema. "Alijua yule mwanamke havai vitu vikubwa. Alimtazama."

Akaendelea kukamua.

"Mimi kila mwaka ananinunulia zenye mawe ya kijani. Sipendi kijani."

"Umewahi kumwambia?"

"Hajawahi kuniuliza."

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alisema alipoona ile risiti alikaa kitandani akisubiri wivu uje, kama mtu anayesubiri basi. Haukuja. Kilichomtisha ni hicho, si hereni.

Vadina alikuwa anafundisha kemia chuoni. Miaka mitano ya kwanza hapa hakuruhusiwa kufanya kazi yoyote, maana H-4 ni viza ya kumfuata mtu. Tangu Mei 2015 baadhi ya wake na waume hao wanaweza kuomba kibali cha kazi, ila mpaka ombi la mwenza la kadi ya ukaazi lifike hatua fulani, na la Anna lilichelewa kufika. Sasa kibali anacho. Lakini vyeti vyake vinataka kutathminiwa upya, na anasema akisimama mbele ya kioo kujaribu kujieleza kwa ajili ya usaili, sauti inayotoka haijui.

Vadina hamwiti mumewe kwa jina. Humwita "emandi", kama wanavyofanya wake wengi wa Kitelugu, kwa heshima. Anampakulia kwanza. Anajua dawa zake za presha, anajua anavyopenda wali ukauke. Anna naye hulipa kila kitu kwa wakati, anatuma pesa kwa wazazi wa pande zote mbili, hajawahi kuinua mkono wala kulewa. Hapa New Jersey kuna Manavi, taasisi iliyoanzishwa 1985 kuwasaidia wanawake wa asili ya Asia Kusini wanaonyanyaswa, na kazi yao ni kubwa. Vadina aliwahi kuiangalia namba yao. "Ningewaambia nini?" akaniuliza. "Kwamba mume wangu ni mtu mwema?"

Nilipomuuliza Anna baadaye kama alijua mkewe hana raha, alishangaa kwa dhati. "Hajawahi kulalamika," akasema. "Nilijua yuko sawa."

Hapo nikaona kwamba ujumbe wenye moyo haukuwa wa kwanza Anna kuusoma vibaya. Miaka minane alikuwa akisoma ukimya wa mkewe kama kuridhika. Na Vadina alikuwa akisoma pesa zinazotumwa, bili zinazolipwa na mawe ya kijani kama baridi, wakati huenda ndiyo lugha pekee ya mapenzi aliyoiona baba yake Anna akiitumia. Akatokea mtu wa tatu, akauliza "mwisho wa wiki ulikuwaje?" na kungoja jibu. Mtu aliyeulizwa hivyo nyumbani asingeona ajabu.

Lakini nisimpambe sana. Siku moja aliniambia kwa huruma nyingi ya nafsi yake kwamba Vadina hakuwa mke aliyemchagua mwenyewe.

Kwani Vadina alimchagua nani?

## Kutengana bila kuachana

Mwenzangu yule wa kazini alisikia sehemu hii akasema, "Si waachane tu?" Kwa Mmarekani hilo ni swali la kawaida. California iliruhusu talaka isiyotafuta mkosaji kuanzia Januari 1970, kwa sheria iliyotiwa saini na gavana wa wakati huo, Ronald Reagan. New York ilikuwa ya mwisho, mwaka 2010. Kutokuwa na furaha kunatosha.

Sheria ya ndoa ya Kihindu ya 1955 haisemi hivyo. Utaonyesha kosa, ukatili au kutelekezwa, au mtakubaliana wote wawili baada ya kuishi mbalimbali mwaka mzima. Mei 2023 Mahakama ya Juu ya India ilisema inaweza kuivunja ndoa iliyokwisha kufa hata mmoja akikataa, lakini hayo ni mamlaka yake yenyewe, si ya mahakama za chini. Na anayedhani atakatiza njia huku ughaibuni aikumbuke kesi ya 1991. Mume na mke waliooana Tirupati, India, mume akapata talaka St. Louis, Missouri, hapa Marekani, akaoa tena, na Mahakama ya Juu ikasema talaka ile India haitambuliki. Mtu anaweza kuwa kapera St. Louis na mume wa mtu Hyderabad.

Juu ya sheria kuna shangazi, kuna mdogo wa kike wa Vadina ambaye bado hajaposwa, kuna watu watasema nini. Sensa ya India ya 2011 ilikuta watu milioni 1.36 walioachika kwa talaka, sehemu ndogo mno ya watu wa ndoa. Waliotengana bila talaka walikuwa karibu mara tatu ya hao. Nadhani nawajua kwa sura. Mke amekwenda kwao kumuuguza mama, mama haponi, mwaka unapita, mtoto anahamishiwa shule ya huko. Hakuna aliyeachana na mtu. Picha ya harusi bado iko ukutani, na ukiuliza unaambiwa anarudi akimaliza.

Sisemi ya Kimarekani ni bora. Yule mwanamke wa ofisini, Anna aliwahi kuniambia, ameachika mara mbili, na siku za sikukuu hujitolea zamu. Huku wamempa mwenza mmoja kazi ya kuwa rafiki, mpenzi, mganga na mji mzima. Asipoziweza zote anaonekana amefeli. Kule mji mzima upo, na ndiyo maana hakuna aliyegundua kwamba wawili hawa hawajawahi kuzungumza. Walipovuka bahari mji ulibaki nyuma, wakabaki wao, chumba na nusu, na mtoto.

Wameanza kugombana sasa. Namsikia Vadina kupitia dari, sauti kavu ya mwalimu, na Anna akijibu kwa mafupi. Nilimwambia mume wangu naona ni dalili njema. Akasema ngoja uone.

Desemba wanakwenda Hyderabad. Baba yake Vadina anafanyiwa upasuaji wa goti na anahitaji mtu wa kumuuguza. Anna amekata tiketi tatu za kwenda na mbili za kurudi. Nilimuuliza Vadina ya kwake ya kurudi iko wapi, akaniambia bei ilikuwa juu, ataikata akiwa huko.